Kumwita Mbwa Mara Moja

Mapafu ya ng'ombe hayana heshima buchani. Mwenye bucha huyatundika pembeni, mbali na steki na mbavu, na wanaoyanunua mara nyingi ni watu wenye mbwa. Lakini yakichemshwa kwa maji matupu bila chumvi, yakaachwa yapoe, yakakatwa vipande vyembamba na kuanikwa kwenye wavu juu ya jiko la kuni, baada ya siku chache yanakauka hadi yanavunjika kwa vidole. Hayaachi mafuta mfukoni. Pua ya binadamu haiyasikii tena, ila mbwa huinua kichwa mfuko unapofunguliwa hata akiwa upande wa pili wa uwanja.

Mzee anayeyaandaa namna hiyo anaishi Uru, juu ya mji wa Moshi, na majirani wote wanamwita Meku. Yakishakauka huyakata upya kwa kisu kidogo mpaka kila kipande kiwe na ukubwa wa punje ya mahindi. Ukubwa huo una sababu. Kipande kikubwa mbwa hukitafuna, na akitafuna husahau alichokuwa anafanya. Punje humezwa papo hapo, na macho ya mbwa yanarudi usoni kwa mtu. Meku alishika mbwa wa kazi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sasa watu humletea mbwa wa nyumbani kwa sababu moja tu: aje akiitwa. Si kukaa, si kutoa mkono, si kubweka kwa amri. Kuja, kwa wito mmoja, akiwa nje njiani bila kamba.

Anayeishi kwenye miteremko hii anajua kwa nini hilo linatosha. Ukitoka mjini kupanda Uru, Kibosho au Old Moshi, njia za miguu hukatiza vihambani. Upande mmoja kuna migomba na kahawa, upande wa pili mfereji wa maji na ua wa masale. Upana wa njia ni wa watu wawili kupishana. Humo humo anapita mama aliyejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe, asiyeweza kutazama chini. Wanapita watoto wa shule, mbuzi wanaoswagwa kwenda kuuzwa, na bodaboda inayoteremka na injini imezimwa ili kubana mafuta, isiyosikika mpaka imefika. Mbwa aliye mbele bila kamba, asiyerudi akiitwa, ni hatari kwa wote hao, na wao ni hatari kwake. Akiua kuku wa jirani kuna fidia ya kulipa na jani la isale la kupeleka kuomba radhi, na jirani akisamehe mara ya kwanza, mara ya tatu atachoka.

Halafu kuna hofu, na hofu hiyo ina msingi. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, visa 99 kati ya 100 vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Mtu anayeokota jiwe amwonapo mbwa mgeni akimjia mbio hana ubaya. Hana njia ya kujua kama mbwa huyo amechanjwa. Meku hapokei mbwa kabla hajakiona cheti cha chanjo, na humwambia mwenye mbwa akiweke cheti hicho mahali ambapo watoto hawatakichana.

Mbwa niliyemfuatilia anaitwa Popi. Ni jike wa kienyeji, rangi ya kahawia, kifua cheupe, sikio moja limesimama na jingine limekunjika nchani. Alikuwa amepita mwaka mmoja tu alipoletwa. Mwenye Popi ni muuguzi anayefanya kazi mjini, na kitu cha kwanza ambacho Meku alimtaka afanye ni kumwita mbwa wake, yeye mwenyewe asikilize. Mama yule akaita. "Popi! Popi njoo! We Popi! Njoo hapa!" Popi aliinua kichwa kwenye wito wa kwanza, akanusa ukingo wa mfereji kwenye wa pili, na ule wa nne haukumpata kabisa.

"Mara ya mwisho alipokuja, ulimfanya nini?" Meku akauliza.

"Nilimfunga, Meku. Nilikuwa nachelewa kazini."

"Na kabla ya hapo?"

Mama akafikiri. "Nilimpaka dawa ya kupe."

Meku hakumlaumu. Mbwa wengi wa Moshi hulinda usiku na kufungwa mchana, kwa hiyo anayeitwa asubuhi huitiwa mnyororo. Akiitwa matembezini, huitiwa mwisho wa matembezi. Mbwa ana kumbukumbu nzuri mno ya kitu kinachofuata baada ya kitu kingine, na Popi alikuwa ameshajifunza somo lake vizuri: akisikia njoo, raha imekwisha. Alikuwa mwanafunzi hodari wa mwalimu asiyejua kwamba anafundisha. Meku akatoa agizo la kwanza, na naliona kuwa ndilo gumu kuliko yote yaliyofuata: tangu siku hiyo, mtu yeyote wa nyumba ile akitaka kumfunga Popi, kumwogesha au kumpa dawa, amfuate alipo, kimya, amshike kwa upole. Asimwite kamwe kwa jambo asilolipenda. Na neno lile la zamani liachwe lipumzike.

Mahali pake pakawekwa filimbi. Meku anayo ya plastiki, nyeusi, ameifunga kwa uzi wa kiatu na kuivaa shingoni. Haina gololi ndani. Filimbi ya refa yenye gololi hubadilika sauti ikiingia mate au unyevunyevu, na Uru mwezi wa Julai ukungu hushuka mpaka kwenye paa za nyumba. Anataka mlio uleule kila siku, akipuliza yeye, mama au mtoto. Sauti ya mtu haiwezi kuwa hivyo. Ina hasira ndani yake, ina uchovu na woga, na mbwa huvisikia vyote kabla hajasikia neno. Zipo filimbi ambazo binadamu hazisikii, kwa kuwa sikio la mbwa hufikia mawimbi ya Hertz 45,000 hivi na letu huishia kwenye 20,000. Meku hazitaki. Anataka mpita njia naye asikie, ajue kwamba mbwa ana mwenyewe na kwamba anaitwa. Wito wake ni mipulizo miwili mifupi, basi.

Siku ya kwanza ya filimbi Popi hakuitwa popote. Alikuwa amesimama hatua moja mbele ya Meku, uwanjani, mbali na kuku. Mikono ya mzee ilitulia juu ya kitovu. Akapuliza mara mbili. Mikono bado imetulia. Kisha, baada ya muda wa kupepesa jicho, mkono wa kulia ukaingia mfukoni, ukatoka na punje, ukaishusha mpaka kwenye midomo ya mbwa. Akasubiri Popi atazame pengine, akarudia. Niliangalia mikono ile kwa makini kwa sababu ilikuwa inafanya jambo ambalo macho hupita bila kuliona. Mlio, utulivu, kisha mkono. Kamwe si mkono kwanza. Mkono ukitangulia, mbwa hujifunza mkono, na filimbi inabaki kelele tu. Siku akiwa mita hamsini mbele, ameupa mkono mgongo, hatakuwa na chochote cha kumrudisha.

Mpangilio huo ulichunguzwa na Ivan Pavlov kule Urusi, mtaalamu wa fiziolojia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula. Mbwa wake walianza kutoa mate kwa ishara iliyotangulia chakula, kabla chakula chenyewe hakijaonekana. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwa njia hiyohiyo: kidude kinalia taki, kisha ndizi. Panya Magawa, aliyezaliwa huko Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Na panya wanaoandaliwa kutafuta watu waliofukiwa na majengo huvaa kizibao, huingia kwenye kifusi, huvuta kitufe wakimpata mtu, kisha hurudi walikotoka mlio wa kuwaita ukisikika, wapate malipo yao. Ni wito uleule wa Meku, unaomfikia mnyama gizani chini ya zege.

Filimbi ilipokuwa inatosha kumfanya Popi ageuke hata akiwa analamba bakuli tupu, kazi ikahamia kwenye mita ya mwisho. Sikuwahi kuifikiria mita hiyo. Mbwa wengi huja wakiitwa, ila husimama pale mkono wa mtu unapoishia, hucheza, huruka pembeni, na mwenye mbwa huishia kumfukuza kuzunguka mgomba. Mbwa wa namna hiyo hajaja. Meku hashiki punje mbele yake kama chambo. Huishika kwenye goti, karibu kabisa na mwili wake, ili mbwa alazimike kuingia ndani. Mkono wa kushoto hushuka chini ya kidevu, si juu ya kichwa, kwa maana mkono unaotoka juu humfanya mbwa anywee. Vidole viwili huingia kwenye kola. Wakati vidole viko kwenye kola, ndipo punje hutoka. Kisha vidole huachia. Kushika, kulipa, kuachia. Alirudia mfululizo huo mpaka Popi akawa yeye mwenyewe anaisukuma shingo kwenye vidole, akitafuta mshiko ule, kwa kuwa mshiko ndio uliofungua mlango wa nyama.

Kuachia ndiko kulikonishangaza. Meku humwita mbwa, humlipa, halafu humwambia "haya, nenda," na kumnyooshea mkono kuelekea palepale alipotoka, kwenye shimo, kwenye kinyesi cha mbuzi, kwenye chochote kilichokuwa kinamvutia. Yaani kuja hakukumnyima kitu, kulimwongezea. Katika matembezi ya saa moja atamwita mara nyingi na kumwachia karibu mara zote, ili wito ule mmoja wa mwisho, wa kurudi nyumbani, upotee katikati ya mingine na usitambulike.

Hatua ya kutoka nje ya uwanja ina vifaa vyake. Kwanza mkanda wa kifuani, ambao fundi viatu wa mjini aliushona kutokana na mkanda wa usalama wa gari lililokufa: unapita mbele ya kifua, unazunguka nyuma ya miguu ya mbele, pete ya chuma iko mgongoni. Kamba ndefu hufungwa kwenye pete hiyo, si kwenye kola, kwa sababu mbwa akifika mwisho wa kamba kwa mbio, kola itamkaba koo. Kamba yenyewe ni ya pamba iliyosukwa, unene wa kidole kidogo, urefu wa mita kumi. Ya nailoni huunguza kiganja ikipita kwa kasi. Ya katani hunywa umande wa asubuhi na kuwa nzito, ikawa inamkumbusha mbwa kila hatua kwamba amefungwa. Ncha ya mwisho haina fundo wala kitanzi, imekatwa na kushonwa uzi tu, ili iteleze kati ya mashina ya kahawa bila kunasa.

Kamba hiyo haivutwi. Nilidhani ni ya kumvuta mbwa asipotii, lakini sikumwona Meku akiivuta hata mara moja. Inaburuta kwenye majani nyuma ya Popi, na mzee hutembea karibu na ncha yake. Kazi yake ni kumzuia mbwa asijilipe mwenyewe. Mbwa aliyeitwa akapuuza, akamkimbiza kuku na kufurahi, amepata malipo makubwa kuliko punje yoyote ya mapafu, na amelipwa kwa kutokuja. Kwa kamba ile, kuku hapatikani. Mlango wa kwa kuku umefungwa kimyakimya, na mlango wa kwa Meku uko wazi.

Tukatoka kwa njia ya mfereji, na hapo ndipo nilipoiona kazi yenyewe.

Popi alikuwa mbele, karibu na mwisho wa kamba, pua ndani ya shimo la nguchiro chini ya mgomba. Mkia ulikuwa umesimama bila kutikisika. Masikio yote mawili, hata lile lililokunjika, yalielekea shimoni. Filimbi ilikuwa tayari mdomoni mwa Meku. Hakupuliza. Akaweka kiatu juu ya ncha ya kamba, akahamishia uzito wake mguu mwingine, akatulia, macho kwenye sikio la mbwa. Watu wawili wakapita, wakamwamkia, akaitikia kwa kuinua mkono. Popi akachimba, akapiga chafya, akachimba tena. Mimi ningekuwa nimeshaita. Mtu yeyote angekuwa ameshaita, kisha angerudia kwa sauti kubwa zaidi. Mzee akaendelea kusubiri. Mwishowe Popi akatoa pua shimoni, akashusha pumzi, na ncha ya sikio lililosimama ikageuka nyuma, kidogo sana, kiasi cha upana wa kucha. Filimbi ikalia. Popi alikuwa ameshageuka kabla ya mlio wa pili kuisha, akaja mbio na udongo usoni, akaisukuma shingo yake kwenye vidole vya Meku.

Huko Uru wachumaji wa kahawa hupita kwenye mti uleule tena na tena msimu mzima, wakichuma nyekundu na kuziacha za kijani zilizo kwenye tawi hilohilo, kwa sababu ya kijani ikichumwa imeharibika na haitarudi mtini. Meku huchuma wito kwa namna hiyo. Mbwa aliyezama kwenye harufu hayuko tayari, na filimbi ikipulizwa wakati huo anajifunza jambo moja tu, kwamba filimbi inaweza kulia na maisha yakaendelea. Somo hilo likiingia mara kadhaa, mlio umekuwa kama lile njoo la zamani. Kwa hiyo kila wito anaoutoa Meku ni wito ambao ameshauona jibu lake. Mwalimu hodari wa kuita, nilivyoona, hutumia sehemu kubwa ya siku yake bila kuita.

Baada ya shimo la nguchiro akaanza kupanga vishawishi, kuanzia vile hafifu na vya mbali. Mbuzi aliyefungwa kamba, hatua arobaini. Kesho yake, au wiki ijayo kama leo haikwenda vizuri, hatua thelathini. Kuku walioko ndani ya wigo kabla ya kuku walioko nje. Watoto waliokaa kabla ya watoto wanaokimbia. Popi aliposhindwa hatua ishirini karibu na dume la mbuzi, Meku hakujaribu tena palepale ili ashinde; alirudi nyuma mpaka mahali ambapo Popi angeweza, akamwita mara moja, akamlipa punje tano moja baada ya nyingine, wakaenda nyumbani. Kima walikuwa mtihani mgumu kuliko wote. Hushuka kwenye makorongo ya mito kutafuta ndizi, na kelele zao zilimfanya Popi atetemeke mwili mzima. Kwa ajili yao Meku alibeba maini ya kukaanga badala ya mapafu. Kazi ngumu, mshahara mkubwa, alisema.

Ilitokea mara moja kamba ikamponyoka, Popi akakimbilia bondeni nyuma ya kitu ambacho hatukukiona. Mimi nilianza kumkimbilia. Meku akanishika mkono. Mbwa anayekimbizwa hukimbia; ndivyo alivyoumbwa. Badala yake mzee alichuchumaa, akampa mgongo, akaanza kuchakura majani makavu kwa vidole, akinong'ona peke yake kama mtu aliyeokota kitu. Filimbi ilibaki kifuani. Kitambo kidogo Popi akatokea kwenye migomba, akaja kuona ni nini kilichookotwa. Palikuwa na punje tatu juu ya jani. Meku akaweka vidole kwenye kola, bila haraka, na hakusema neno la ukali. Mbwa akirudi baada ya kutoroka na akapigwa, amepigwa kwa kurudi.

Ndiyo maana sizipendi kola za umeme, ambazo siku hizi mtu anaweza kuziagiza kwa simu. Wales ilizipiga marufuku mwaka 2010. Mbwa anayepigwa shoti akimtazama mtoto wa shule hawezi kujua kama maumivu yametoka kwenye kitufe cha bwana wake au kwa mtoto yule, na kwenye njia zetu nyembamba, zenye watoto wengi, sitaki mbwa yeyote abahatishe jibu la swali hilo.

Kamba haikuondolewa siku moja. Meku aliikata. Mita kumi zikawa nane, nane zikawa tano, kila mara kwa kisu kilekile cha mapafu, na kila mara alipaka nta uzi wa kushonea ncha mpya. Popi alizoea wepesi kidogo kidogo, bila kuwapo siku ambayo angehisi kwamba jana alikuwa amefungwa na leo yuko huru. Mwishoni ilibaki kamba ya urefu wa kiganja ikining'inia mgongoni. Wakati huohuo malipo yalianza kubadilika. Wito mmoja ulilipwa punje, mwingine sifa na kukunwa kifuani, mwingine punje sita, mwingine kuruhusiwa kurukia mfereji. B. F. Skinner alionyesha kwa panya na njiwa, huko Marekani, kwamba malipo yasiyotabirika hufanya tabia idumu zaidi kuliko malipo ya kila mara. Meku hulieleza kwa mwendo wake tu: mkono huingia mfukoni kila wito, hata kama hautoki na kitu kilekile. Mama wa Popi alipouliza ni lini ataacha kubeba nyama, mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani kule hospitali, mama, ukishaizoea kazi wanaacha kukulipa?"

Vituo vikubwa navyo havilipi vingine. Usa River, kwenye barabara ya kwenda Arusha, Shirika la Wanyamapori la Afrika, AWF, lina kituo cha kufundishia mbwa wa kunusa pembe za ndovu na za faru, kazi iliyoanza mwaka 2014, na mbwa hao wa bandarini na viwanja vya ndege, pamoja na uzito wa kazi yao, huifanya kwa ajili ya mpira wa kuchezea.

Siku Popi alipotembea bila kamba ilikuwa siku ya kawaida, na Meku alihakikisha iwe hivyo. Hakuna aliyealikwa kushuhudia. Tulipanda na njia ya mfereji, Popi akiwa mbele, mkia juu. Kwenye kona alitokea mama na mzigo wa majani, shingo imenyooka, macho mbele. Popi alikuwa kati yake na sisi, ameshamwona kuku aliyekuwa anaparua chini ya kahawa. Niliona sikio likielekea kwa kuku. Nikaona limerudi. Filimbi ikalia, Popi akageuka, akaja, vidole vikaingia kwenye kola, na Meku akasogea naye upande wa juu wa njia, yeye mwenyewe akiwa kati ya mbwa na mpita njia. Mama akapita. "Shikamoo, Meku," "marahaba, mama," wakasalimiana, na mzigo ukateremka zake. Hivyo ndivyo anavyofanya kwa kila mtu wanayepishana naye, awe anaogopa mbwa, awe Mwislamu asiyetaka mate ya mbwa yaguse nguo zake kabla ya sala, awe mtoto anayetamani kumshika. Mbwa huitwa, hukaa upande wa juu, njia huachwa wazi, na mbwa hulipwa.

Wakikaribia msitu, Meku humfunga tena kamba. Pembezoni mwa msitu kuna watu wanaokata majani na kuni, na huko juu ni Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambako mbwa hawaruhusiwi kabisa. Yeye huishia chini. Anasema mbwa aliyefundishwa vizuri huja mara nyingi sana, na kwamba msituni, penye chui na mitego, mara nyingi sana haitoshi.

Kilichobaki ni kuhamisha filimbi. Mama wa Popi alipewa ya kwake, yenye mlio uleule, na mwanawe wa kiume, wa darasa la nne, akapewa mfuko wa punje. Meku alisimama pembeni kama mwalimu wa watu sasa. Mtoto akapuliza, na papo hapo mkono wake ukaruka mfukoni. "Tulia kwanza," mzee akasema. Akapuliza tena, mkono ukatangulia tena. Meku akaenda nyuma yake, akaishika mikono ile midogo, akaiweka juu ya kitovu, akaizuia pale. Filimbi. Utulivu. Mkono. Waliendelea hivyo alasiri nzima mpaka mtoto akaacha kufikiria mikono yake, na Popi, aliyekuwa akienda na kurudi bila kuchoka, akaanza kuisukuma shingo kwenye vidole vya mtoto kama alivyozoea kuisukuma kwenye vya mzee.

Jumatatu anaanza na mwingine, dume la miaka minne kutoka Kiboriloni, ambalo limeshaua kuku watatu na halijawahi kuitwa kwa lolote isipokuwa mnyororo. Meku ameshaagiza mapafu buchani, na amenunua kamba mpya ya mita kumi.